Haiko makelele: namna nilijifunza kusikiliza "SICKO MODE"



Wengi wenu munanijua juu ya mahindi na mbolea. Leo naandika juu ya muziki. Kama mahindi yataingia kati ya maneno, munisamehe, njo masomo niliyosoma.

Mambo yalianza hivi. Mdogo wangu ni finalisti. Mwaka uliopita nilimnunulia ordinateri ya okazyo ili aandike memwari yake. Mimi nilikuwa nimekaa miezi mingi bila kazi nyuma ya lisansi, kisha nikapata kazi ndogo ya kupima mashamba ya watu, na karibu pesa yote ya kazi ile ilienda ku ordinateri. Usiku moja umeme ukarudi saa saba, nikaamka niweke telefone ku shaje. Nikamkuta ameketi mu giza, ekuteri mu masikio, na ku ekra hakuna memwari. Kulikuwa mistari ya rangi rangi ya FL Studio, ile programu ya Wabelgiji ya kutengeneza biti. Nikamuomba anionyeshe memwari. Ilikuwa na kurasa 11, na tatu kati yake zilikuwa za shukrani na za vifupisho.

Nilifunga ordinateri, nikaiweka chini ya kitanda changu. Siku tatu hatukuzungumza. Mama akawa anatupatia bukari kila mtu ku sahani yake, jambo ambalo kwetu halifanyikake.

Siku ya nne akaja, akasimama ku mlango.

"Yaya, juu ya memwari nilikosa, ile siikatae. Lakini ulisema ninapoteza wakati juu ya makelele. Ile hapana. Haiko makelele."

"Ni nini basi?"

"Chukua ekuteri. Sikiliza wimbo moja tu, dakika tano. Kisha useme."

Wimbo wenyewe ulikuwa "SICKO MODE" wa Travis Scott pamoja na Drake. Niliujua, kama watu wote. Ulipita mu taksi-bisi, ulipita ku nganda, ulipita ku telefone za wanafunzi nyuma ya oditwari. Kwangu mimi walikuwa wanaume wawili wanaosema mbio juu ya kitu kinachopiga ti-ti-ti-ti. Nilipomaliza zile dakika tano, niliomba zingine tano. Ninayoandika hapa njo yale mdogo wangu alinifafanulia usiku ule, pamoja na yale nilitafuta mimi mwenyewe, juu mtu wa sayansi anapimaka kwanza mbele ya kuamini.

1. Mtego

Neno "trap" kwa Kiingereza ni mtego. Mu mji wa Atlanta, kusini mwa Marekani, watu waliita hivyo nyumba ambamo madawa ya kulevya yanauzwa: kuingia ni rahisi, kutoka njo kazi. Mwaka 2003 mwimbaji T.I., mtoto wa Atlanta, alitoa albamu aliyoiita "Trap Muzik", na jina likashika ku aina nzima ya muziki. Kwa hiyo tangu mwanzo trap inabeba hali mbili kwa pamoja: majivuno ya mtu aliyepata pesa, na wasiwasi wa mtu anayejua kwamba mlango unaweza kuvunjwa saa yoyote. Hata wimbo ukiwa wa sherehe, ule wasiwasi haukosi chini yake. Njo maana noti zake nyingi ziko za upande wa giza, ile gamu wapiga gitaa wetu wanaita mineri.

Ngoma zake zinatoka ku mashine moja ya zamani, ao ku nakala zake: TR-808 ya kampuni Roland ya Japani. Historia yake inafaa kujulikana na kila mtu aliyewahi kurudishiwa dosye ya kazi. Mashine ilitoka mwaka 1980. Wataalamu wa wakati ule waliona sauti yake haifanani na ngoma ya kweli. Mu mwaka 1983 waliacha kuitengeneza, nyuma ya kutoa karibu 12.000 tu. Bei ya okazyo ikashuka, na vijana wasiokuwa na pesa wakainunua. Walichopenda ni kile kile wakubwa walikataa: ngoma yake nzito haifi mbio. Inavutika, inabaki chini, inakuwa besi. Leo mtengeneza biti akisema "808", mara nyingi hasemi tena mashine, anasema ile besi nzito inayovutika.

2. Kwa nini ku telefone ni makelele

Hapa njo nilipata aibu yangu ya kwanza. Sikio la mtu linaanza kusikia karibu na Hz 20. Besi ya 808 mara nyingi inaishi kati ya Hz 40 na Hz 60. Spika ndogo ya telefone, chini ya Hz 200 hivi, haitoi kitu cha maana, juu ni ndogo sana kwa kusukuma hewa nyingi polepole. Kwa hiyo mtu anayesikiliza trap ku telefone anapata matoazi na maneno, lakini msingi wa nyumba haumfikii. Watengeneza biti wenye akili wanajua shida hii, na wanakwaruza besi kidogo ili itoe milio ya juu ambayo telefone inaweza kushika. Lakini hiyo ni kivuli cha besi, si besi yenyewe.

Nilikuwa nahukumu muhogo kwa majani. Sombe ni tamu, sikatae, lakini chakula kikubwa cha mti ule kiko chini ya udongo. Miaka yote ile nilikuwa nasikia sombe tu, kisha nasema mti hauna kitu.

Mu ekuteri, besi ya "SICKO MODE" ilinifikia kwanza mu kifua kabla ya masikio. Si lazima iwe na sauti kubwa. Mdogo wangu alipunguza sauti mpaka nusu, na bado ilikuwa pale.

3. Saa mbili mu mwili moja

Swali langu la pili lilikuwa hili: kwa nini wimbo huu unaonekana unakimbia na unatembea polepole kwa wakati moja? Mdogo wangu alinipatia kalamu, tukahesabu.

Ukifuata hesabu ya watengeneza biti, wimbo uko karibu na mapigo 155 kwa dakika. Hiyo ni mbio. Lakini lile kofi kali, ile sauti inayopigaka "pa!", haianguki kila pigo mbili kama mu nyimbo nyingi za kuchezea. Inaanguka mara moja tu kila mapigo manne. Gawanya 155 kwa 4, utapata karibu 39. Kwa dakika nzima kofi linaanguka mara 39 hivi, yaani sekunde moja na nusu na kitu kati ya kofi na kofi. Mwili unasikia kofi lile na unaamini wimbo uko nusu ya mbio yake, karibu 77.

Juu ya ile polepole kuna toazi dogo, ile wanaita haihati. Likipiga mara mbili kwa kila pigo, hiyo ni mara 310 kwa dakika. Likigawanya tena, 620, zaidi ya 10 kwa sekunde. Na pale mtengeneza biti anapolikunja likawa "trrrrr", linaweza kukaribia 20 kwa sekunde. Pale njo sikio linaanza kushindwa kuhesabu mapigo na kuyasikia kama mlio moja.

Sasa angalia mwili wako. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika unapiga kati ya 60 na 100 kwa dakika. Moyo wa kijana anayekimbia unaweza kufika 155 bila shida. Wimbo unakupatia yote mawili: kichwa kinatikisika polepole kama cha mtu aliyeketi, na miguu inataka kuruka kama ya mtu anayekimbizwa. Njo ile hali vijana wanaita "kupanda". Hujui kama unatulia ao unashambuliwa.

4. Nafasi kati ya mistari

Hapa mahindi yanaingia, niliwaambia.

Mkulima wa mara ya kwanza anaona ardhi kati ya mistari, anasema ni hasara, anapanda karibu karibu. Sisi tunamuambia: sentimita 75 kati ya mistari, sentimita 25 kati ya mmea na mmea. Ukifanya hesabu, hiyo inatoa mimea karibu 53.000 kwa hektari. Akiongeza mara mbili mu udongo ule ule na mbolea ile ile, hatavuna mara mbili. Mimea itagombania mwanga na maji, itakuwa mirefu na miembamba, na visunzu vitakuwa vidogo. Ile ardhi wazi kati ya mistari inafanya kazi.

Mu "SICKO MODE" nilitafuta vyombo vingi, juu nguvu ilikuwa nyingi. Sikuvipata. Mu sehemu ya mwisho kuna noti chache za kinanda zinazorudi rudi, besi, kofi, toazi, na sauti za watu. Basi. Hakuna gitaa tatu, hakuna tarumbeta. Besi inapiga, inaacha. Mu ile nafasi ya kuacha, mwili wako wenyewe unangojea pigo linalokuja, na kule kungojea njo nguvu. Kama besi ingepiga bila kupumzika, baada ya dakika moja sikio lingeizoea kama tunavyozoea mlio wa jenereta ya jirani.

Hiki njo kitu kimoja ningependa mubebe kutoka hapa: nguvu ya wimbo huu haitoki ku wingi wa sauti. Inatoka ku kile kinachozuiliwa.

5. Wimbo unaokatika mara mbili

Na hakuna mahali wanakizuia wazi kama mu mpango wa wimbo.

"SICKO MODE" ulitoka tarehe 3 Agosti 2018 mu albamu "Astroworld". Jina la albamu linatoka ku uwanja wa michezo wa AstroWorld, mu mji wa Houston, Texas, wenye mashine za kupandisha watu juu na kuwaangusha. Uwanja ule ulifungwa mwaka 2005, wakati Travis Scott, mtoto wa upande ule, alikuwa na miaka 14. Wimbo umejengwa kama siku moja mu uwanja wa namna ile: unapanda mashine moja, unashushwa, unapanda ingine.

Kwanza, sauti ya kinanda inayozunguka kama ogani, baridi kidogo, na Drake anaingia. Ngoma zinakuja, anapata moto, sikio linajua kwamba sasa wimbo unafunguka. Kabla ya dakika ya kwanza kuisha, unakatika. Katikati ya maneno yake. Nilifikiri telefone imepata simu.

Kisha biti ya pili, nzito na ya giza kuliko ile ya kwanza, na mwenye wimbo mwenyewe, Travis Scott, anaingia. Sauti yake imepitishwa mu Auto-Tune na mu mwangwi mpaka inafanana na chombo kingine, si na mtu anayekuongelesha. Ile inachukua muda mrefu, unamsahau Drake kabisa. Karibu na dakika ya tatu, inakatika tena. Biti ya tatu, ile ya noti chache, na Drake anarudi kumaliza deni aliloacha.

Watu wa kwetu, hiki kitu tunakijua. Rumba inaanza polepole na maneno ya mapenzi, kila mtu ameketi, halafu gitaa zinageuka na sebene inafunguka, watu wanasimama. Wimbo moja, nyumba mbili. Lakini sebene inatimiza ahadi: unajua itakuja, na ikija haikatiki. "SICKO MODE" inakupatia mwanzo wa sebene, inakunyanganya, inakupatia sebene ya mtu mwingine, kisha inarudi na ile yako wakati umekata tamaa. Njo maana furaha ya pale Drake anaporudi ni kubwa kuliko biti yenyewe.

Si kazi ya mtu moja. Walioandikwa kama watengenezaji ni pamoja na Hit-Boy na Rogét Chahayed wa Marekani, OZ wa Uswisi, Cubeatz, ambao ni mapacha wa Ujerumani, na Tay Keith wa Memphis, mwenye biti ya mwisho. Mumukumbuke huyu wa mwisho, nitarudi kwake.

6. Wawili, na wengine nyuma yao

Kwa nini wawili wale wanapatana? Juu hawafanani. Drake, wa Toronto kule Kanada, anasema maneno wazi, kila silabi unaishika, kama mtu anayekusimulia jambo akikutazama. Travis anaweka hali zaidi kuliko habari: anavuta sauti, anarudia, anapiga kelele fupi kutoka mbali. Mu sehemu ya mwisho Drake anasema na Travis anamjibu kwa neno fupi, tena na tena, na kila jibu linaanguka mu nafasi Drake aliyoiacha. Mkongomani hawezi kushangaa. Tangu miaka ya 1980, na Zaïko Langa Langa, bendi zetu ziko na atalaku, mtu ambaye kazi yake ni kurusha maneno ili damu ichemke. Travis ni atalaku wa wimbo wake mwenyewe.

Namna ya kukata maneno matatu matatu mahali sikio linangojea mawili, ile inayofanya mtu aonekane anateleza juu ya biti, ilivuma dunia nzima na Migos wa Atlanta mu mwaka 2013. Lakini Three 6 Mafia wa Memphis walikuwa wakiifanya tangu miaka ya 1990. Na mu "SICKO MODE" munasikika hata sauti ya Big Hawk, mwimbaji wa Houston aliyeuawa mwaka 2006. Si kila kijana anayeruka anajua kwamba anaruka pamoja na marehemu. Mbele ya kujua hiyo nilidhani wimbo huu unajivunia pesa tu. Sasa nasikia pia mtu anayebeba mji wake.

7. Nguvu inapotoka mu ekuteri

Siwezi kuandika juu ya nguvu hii bila kusema upande mwingine, juu mama aliniuliza: "Ile miziki si njo inauaka watoto?"

Mama hakukosea kabisa. Tarehe 5 Novemba 2021, ku sherehe ya muziki ya Travis Scott mwenyewe mu Houston, umati ulisukumana na watu 10 wakafa. Mu mwaka 2023 jopo la raia kule halikuona sababu ya kumshtaki Scott kwa jinai. Lakini wale 10 hawakurudi.

Nilimkumbusha mama jambo la karibu zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2022, mu Stade des Martyrs kule Kinshasa, watu 11 walikufa mu msukumano siku ya konseri ya Fally Ipupa. Pale hapakuwa trap, palikuwa muziki wetu, ule mama mwenyewe anachezaka ku ndoa. Kwa hiyo aina ya muziki si jibu. Mu umati uliobanwa, kifua kinakosa nafasi ya kufunguka na mtu anakosa pumzi akiwa amesimama. Aliye nyuma anasukuma bila kujua kwamba mbele kuna mtu anazimia. Kinachookoa ni milango ya kutosha, hesabu ya watu inayoheshimiwa, na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha muziki mara moja.

Nawaandikia hiyo ninyi munaopanga soare za promosyo mu sale za watu 200 na kuuza tikiti 500. Mu wimbo, nafasi kati ya besi na besi inaleta nguvu. Mu sale, nafasi kati ya mtu na mtu inaacha watu wapumue. Weka mtu karibu na DJ ambaye anaweza kusema "simama", na DJ ajue atamtii.

8. Yule wa Memphis

Sasa nirudi ku Tay Keith.

Jina lake la kuzaliwa ni Brytavious Chambers. Mwanzo wa Desemba 2018 "SICKO MODE" ilifika nafasi ya kwanza ku Hot 100 ya Billboard, orodha kubwa ya nyimbo kule Marekani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Travis Scott. Mu mwezi ule ule, Tay Keith, mwenye miaka 22, alivaa joho na kofia na kupokea diplome yake ya Middle Tennessee State University. Biti yake ilikuwa imeshapiga dunia nzima. Hakuna mtu angemlaumu kwa kuacha masomo. Alimaliza.

Hii nilipata peke yangu, mu kutafuta tafuta, na nawaambia ukweli: nilifurahi kama mtu aliyepata silaha. Nikamuita mdogo wangu, nikamsomea. Nilidhani atainamisha kichwa.

Aliniangalia, akasema: "Ehe, yaya, alimaliza. Lakini watu wake walimnyanganya ordinateri?"

Sikuwa na jibu. Ile usiku ya kwanza sikumuuliza kwa nini memwari imesimama. Nilipomuuliza sasa, alisema direkteri wake hajamjibu tangu wiki sita, na hajui kama swala alilolichagua linafaa ao halifai. Usiku alipokuwa anangojea, alifungua FL Studio. Mimi pia nilikaa miezi bila jibu la barua za kazi, na najua namna mikono inaumwa kwa kukosa cha kufanya. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nalala mchana, yeye alikuwa anajifunza kitu.

Sisemi kila anayefungua FL Studio ni Tay Keith. Vijana wengi watatengeneza biti mpaka uzee na hazitalipa hata kifurushi cha intaneti. Lakini mimi niliye na lisansi ya kilimo na niliyepima mashamba ya wengine mwaka nzima, sina haki ya kusema njia moja ni ya hakika na ingine ni ya makelele.

Nilitoa ordinateri chini ya kitanda. Tuliweka mapatano: kila siku kurasa za memwari kwanza, hata kama direkteri hajajibu, kisha biti mpaka umeme ukatike. Nilienda naye kumtafuta yule direkteri ku kazi yake. Tulimngojea asubuhi mbili, na siku ya pili alitupokea. Swala lilifaa. Alikuwa amepoteza ujumbe tu.

Leo memwari iko na kurasa 34. Sijui kama ataitetea kwa sesyo hii ao ijayo. Juzi aliniletea biti yake mpya nisikilize, kwa ekuteri, siyo kwa telefone. Nilisikiliza mara mbili kama fundi, kisha nikamuambia haihati zimejaa sana, besi haipati mwanga.

"Panda mbali mbali," nikamuambia. "Sentimita 75."

Alicheka, lakini alizifuta nusu. Biti ikapanda.

Ninyi munaokaa na wadogo munaowaitia makelele, ombeni ekuteri kwanza. Dakika tano. Kisha muulize memwari imefika wapi, na kwa nini.